Nafikiria kufungua maegesho ya baiskeli ya kulipia karibu na soko la Owino, nishaurini

Mwana_wa_Busia:
Wakuu, habari za jioni. Nauza vipuri vya baiskeli upande wa Kisenyi, hapa Kampala. Nyuma ya duka kuna kiwanja cha mita 6 kwa 10, kina ukuta na geti moja, na mwenye nyumba yuko tayari kunikodisha. Kila asubuhi naona watu wanatoka Nateete, Bwaise na Kawempe na baiskeli zao, wanazifunga kwenye nguzo za umeme, halafu askari wa akedi (jengo la maduka) anawafukuza. Mteja wangu mmoja alifunga tairi la mbele peke yake. Jioni akakuta tairi liko palepale kwenye nguzo, baiskeli imekwenda.

Nawaza kuweka vyuma na kijana wa kulinda, nitoze shilingi 500 kwa siku. Vyuma vya aina gani? Na ikiibiwa mikononi mwangu, itakuwaje?

Kalulu256:
Kampala hii ya vilima? Watu wanapanda boda. Ungekuwa Soroti au Lira kwenye tambarare, ningekuelewa.

Fundi_Moto:
Kalulu, anayetoka Bwaise kuja Owino anapita bondeni karibu njia nzima. Vilima ni vya Kololo huko, wenye magari yao.

Mwana wa Busia, usikubali fundi akuuzie vile vyuma vya kuchomeka tairi la mbele. Baiskeli ikisukumwa, rimu inapinda, na fremu huwezi kuifunga popote. Chukua bomba nene, ulikunje kama U iliyogeuzwa, miguu uizamishe kwenye zege. Kimo sentimita 75 hivi, na mita 1 kutoka bomba moja hadi jingine. Kila bomba linabeba baiskeli mbili, moja kila upande, na mtu anafunga fremu pamoja na tairi. Kwa kiwanja chako weka safu mbili kando ya kuta, katikati acha njia ya mita 2. Ukiondoa nafasi ya geti unapata kama baiskeli 36.

Dada_Matoke:
Hizo hesabu ni za baiskeli tupu, kaka. Sisi wa Kalerwe tunaoshusha ndizi tuna keria pana na mikungu pande zote mbili. Mita moja haitoshi, na wala hatukai kutwa, tunataka saa moja tu. Tutengee kona bila vyuma, baiskeli zisimame kwa stendi zake, na bei iwe ndogo. Mkitutoza sawa na mtu wa kutwa tutarudi kwenye nguzo.

Nubi_wa_Bombo:
Nimewahi kuishi Uholanzi. Pale stesheni ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya uwanja wa stesheni, yalikamilika 2019. Saa 24 za kwanza ni bure, ukizidisha unalipa. Unaingia umepanda baiskeli yako, unagusisha kadi, na wakati wa kutoka unagusisha tena. Wafanyakazi wapo, hawakuachia mashine peke yake. Sasa wewe huna kadi, lakini unaweza kukata vibati viwili vyenye namba moja: kimoja kinaning'inia kwenye usukani, kingine anaondoka nacho mwenye baiskeli. Bila kibati, baiskeli haitoki getini, hata kama kijana anamjua mtu huyo kwa sura. Hapo ndipo wizi wenyewe unapoingilia, kwa kujuana.

Sisi KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, walituwekea njia ya miguu na baiskeli pale Namirembe Road na Luwum Street. Vizuri. Sasa ukifika mwisho wa njia, baiskeli unaiacha wapi? Hilo ndilo naona waliliruka.

Wakili_Mtaani:
Kuhusu wizi. Ukipokea mali ya mtu kwa malipo, Sheria ya Mikataba ya Uganda inakutaka uitunze kama mtu makini angetunza ya kwake. Usitegemee kibao cha "egesha kwa hatari yako" huku unachukua hela. Andika daftari: namba ya kibati, aina ya baiskeli, rangi, namba ya fremu, saa ya kuingia. Na leseni ya biashara uliza mapema, kabla maofisa hawajaja kukuuliza wao.

Kalulu256:
Haya, tuhesabu. Baiskeli 36 mara 500 ni 18,000. Kiwanja kikijaa kila siku, siku 26 ni 468,000. Toa kodi, toa mshahara wa kijana. Mlinzi wa usiku atalipwa na nani?

Fundi_Moto:
Ndiyo maana afunge saa moja jioni, asilaze baiskeli ya mtu. Hela ipo kwenye matengenezo. Mtu akiacha baiskeli kutwa, mwambie breki zimekwisha, tairi limelika, akirudi jioni aikute tayari. Vipuri si vyako?

Mwana_wa_Busia:
Asanteni sana. Kalulu, hesabu yako imeniuma lakini ni kweli, 500 peke yake hailipi kodi. Kulaza usiku nimefuta. Dada Matoke, kona ya kushoto getini ni yenu, saa moja kwa 200. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele, nitambembeleza achukue mmoja nianze na vibati na daftari. Fundi, niandikie pembeni bei ya mabomba manne tu kwanza.

Dada_Matoke:
200 sawa. Geti lina upana gani?