MREJESHO: Mbwa wangu mwenye mtoto wa jicho na ile dawa ya kimeng'enya

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama mbwa wangu jike wa miaka 9, mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, anaweza kutolewa lenzi iliyoingia ukungu kwa kuyeyusha nyuzi zinazoishikilia kwa kimeng'enya, alfa-kimotripsini.

Mliosema nisiking'ang'anie mlikuwa sahihi. Daktari alinieleza kwamba kimeng'enya hukata zile nyuzi, lakini kwa mbwa mgongo wa lenzi umeshikamana sana na ute wa ndani ya jicho, na hapo dawa haisaidii. Ukivuta lenzi nzima, ute nao unakuja. Kwa binadamu kilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko pia kilijulikana kupandisha presha ya jicho baada ya upasuaji.

Tukafuata ushauri wa pili: kupima kwanza retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kisha kuivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu dogo. Aliyesisitiza kipimo cha retina, asante sana. Retina ya kushoto haikuitika kabisa, kwa hiyo jicho hilo halikupasuliwa. Iliniuma.

La kulia limefanikiwa. Usiku wa kwanza presha ilipanda, ikashushwa kwa dawa. Siku ya nne nilimwona amesimama kimya, kichwa juu, anamfuata nzi ukutani kwa jicho. Nililia.

Matone bado ni mara nne kwa siku, na kola ya shingoni hatujaivua. Mungu awabariki wote mlionijibu.