Haddix alishindwaje mwaka 1959?

Mwalimu wa michezo, Kisumu: Ndugu zangu, iliwezekanaje Harvey Haddix, mrushaji wa timu ya besiboli ya Pittsburgh, awatoe wapigaji 36 wa Milwaukee mfululizo katika awamu 12, kisha ashindwe?

Mzee, Nakuru: Mwalimu, wenzake hawakumfunga Lew Burdette, mrushaji wa Milwaukee, ingawa walimpiga vizuri mara 12. Awamu ya 13, Don Hoak wa Pittsburgh alirusha mpira vibaya, Félix Mantilla wa Milwaukee akafika kituo cha kwanza, mwenzake Eddie Mathews akakubali kutolewa ili amsogeze, Hank Aaron akaachiwa makusudi kituo cha kwanza bila kupiga, ndipo Joe Adcock akaupiga mpira ukavuka ua. Inauma sana.

Kijana, Kakamega: Shikamoo mzee. Mpira ukivuka ua, mpigaji na wote walio vituoni hufunga; mbona basi ikawa 1-0, si 3-0?

Mzee, Nakuru: Marahaba. Aaron aliacha njia ya kukimbilia vituo akidhani mchezo umekwisha, Adcock akampita, jambo ambalo kanuni hazikubali, likahesabiwa bao la Mantilla pekee.