Riwaya ya picha kuhusu wasiwasi: tuwape watoto au tuwafiche?

Mzazi wa Wawili: Nimemaliza kusoma Guts, riwaya ya picha ya Raina Telgemeier iliyotoka mwaka 2019, ambamo anasimulia utoto wake: tumbo linalosokota kila anapoingiwa na wasiwasi, na woga wa kutapika uliomfanya akichunguze kila chakula kabla ya kukitia kinywani. Binti yangu wa miaka 9 ana dalili za namna hiyo. Je, nikimpa kitabu hiki nitamfariji, au nitamfundisha hofu ambazo hakuwa nazo?

Mwalimu Mstaafu: Usimpe, kwa maana mtoto huiga anachokiona, na ukimwonyesha anayeogopa chakula, kesho atasusa chake. Isitoshe, hivyo ni vibonzo. Katika umri huo anapaswa kusoma, si kutazama picha.

Kalamu Nyekundu: Mwalimu, kwa heshima zote, hilo la “kutazama picha” limenikera. Hofu inapompanda msichana yule, rangi ya kijani hutanda ukurasani kama kichefuchefu chenyewe, na mtoto asiye na maneno ya kueleza hali yake huitambua mara moja. Mwaka 2020 kitabu hicho kilipata tuzo ya Eisner, ile ya vibonzo bora, tena nadhani si moja.

Mwalimu Mstaafu: Tuzo ya vibonzo hutolewa na wapenda vibonzo. Nimefundisha miaka 30, na sikupata kumpeleka mtoto kwa mshauri nasaha kwa sababu tumbo lilimuuma asubuhi ya mtihani. Lilipona lenyewe saa nne.

Jicho la Kando: Lilipona, au mtoto alijifunza kunyamaza? Mimi nilichagua kiti cha karibu na mlango ili niwahi chooni, na mwalimu wangu, akidhani ninapanga kutoroka, alinirudisha nyuma kila wiki. Sikuwa nimesoma kitabu chochote cha kunipandia hofu hiyo.

Mwalimu Mstaafu: Sikumhamisha mtu kiti, kwa hiyo usinibebeshe makosa ya mwalimu wako. Nilichouliza, na hakuna aliyenijibu, ni kama vibonzo ni kusoma.

Kalamu Nyekundu: Hukuuliza, Mwalimu, ulihukumu.

Mzazi wa Wawili: Mkiwa bado mnabishana kuhusu vibonzo, binti yangu amekiokota kitabu mezani na kufika mahali ambapo msichana anafundishwa kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili na kuvuta pumzi taratibu. Amevua viatu akajaribu. Kisha ameniuliza kama mimi pia tumbo huniuma nikiogopa, na hadi sasa sijamjibu.