Chipu ya Wi-Fi ya SDIO haiamki baada ya bodi kulala (-110), na mkondo haushuki

dunga_sensa (Kisumu)

Wakuu, salamu. Kuna bodi ya kupima kina cha maji ufuoni hapa Dunga, inakula betri ya 6 Ah inayochajiwa na paneli ya wati 10. Keneli ni Linux 6.1. Chipu ya Wi-Fi iko kwenye basi ya SDIO (njia ile ile ya kadi za SD), na draiva yake ni ya kuandikwa hapa hapa, juu ya cfg80211 (mfumo wa Wi-Fi wa keneli). Kazi yenyewe ni nyepesi: kuamka kila dakika 10, kutuma kipimo kwa MQTT (itifaki nyepesi ya ujumbe), kisha kulala tena kwa `rtcwake -m mem -s 600`.

Yanayosumbua ni haya:

1. Bodi ikiamka, kila rejesta ya chipu inayosomwa inarudisha -110. wlan0 haishiki mtandao mpaka bodi nzima izimwe na kuwashwa.
2. `ip link set wlan0 down` haipunguzi mkondo hata kidogo kwenye mita.
3. Bodi ikiwa macho, ping inaruka kutoka ms 4 hadi karibu ms 300 bila mpangilio.

Kwenye faili ya dts (inayoieleza keneli maunzi ya bodi), nodi ya mmc, yaani ya kidhibiti cha basi hiyo, ina `non-removable` na `vmmc-supply` basi. Je, hili ni kosa moja au ni matatu?

kondele_root

Omera, zima power save uendelee na maisha: `iw dev wlan0 set power_save off`. Nusu ya maswali ya Wi-Fi humu huishia hapo.

saketi_nax (Nakuru)

Hiyo itatuliza namba 3 tu, tena kwa kumaliza betri. dunga_sensa, unayo matatu tofauti, kwa sababu chipu ya Wi-Fi ina usingizi wa aina tatu na kila mmoja una bosi wake: power save ya redio, runtime PM ya kifaa, na usingizi wa bodi nzima. Ukiyachanganya utarekebisha pasipo na ugonjwa.

Nianze na ping, ndiyo rahisi. Rauta nyingi hutoa bikoni kila TU 100 (TU ni kipimo cha muda cha Wi-Fi), yaani ms 102.4. Chipu iliyo kwenye power save huzima redio na kuiwasha wakati wa bikoni ili ione kama rauta imeiwekea pakiti. Nyingi huamka kwenye bikoni ya DTIM peke yake, ambayo huja mara moja kila bikoni kadhaa. Rauta ikiwa na DTIM 3 (kila bikoni ya tatu), pakiti yaweza kungoja hadi ms 307, na hiyo ndiyo ping yako. Si hitilafu. Kama rauta inatumia hostapd (programu ya Linux ya kuendesha rauta ya Wi-Fi) na iko mikononi mwako, weka `dtim_period=1`. Ukitumia ssh kutafuta makosa, zima power save kwa muda huo tu. Kumbuka NetworkManager yaweza kuirudisha kila inapounganisha, kwa hiyo mpangilio wa kudumu unaandikwa kwenye conf.d: `wifi.powersave = 2` ni kuzima, 3 ni kuwasha.

Namba 2 ni runtime PM, yaani keneli kulaza kifaa kisichotumika bodi ikiwa macho. Angalia `power/runtime_status` ya kifaa chako chini ya `/sys/bus/sdio/devices/`. Nina hakika haitasema `suspended` hata wlan0 ikiwa chini. Kwanza, bila `cap-power-off-card` kwenye nodi ya mmc, keneli haigusi kabisa runtime PM ya kadi ya SDIO. Pili, ukishaiweka, basi ya SDIO huita probe yako (funksheni ya draiva ya kuanzisha kifaa) ikiwa tayari imeongeza hesabu ya watumiaji kwa 1. Draiva inayotaka kulala lazima iite `pm_runtime_put_noidle()` ndani ya probe, na `pm_runtime_get_noresume()` ndani ya remove. Ukiisahau hiyo ya kwanza hesabu haifiki sufuri milele, na hakuna ujumbe wowote kwenye dmesg (logi ya keneli) wa kukuambia.

Halafu usiite get na put (kuongeza na kupunguza hesabu hiyo) kwa kila pakiti kama wafanyavyo watu wa basi ya I2C. Hapa kadi ikilala, mmc core (sehemu ya keneli inayosimamia basi hii) inakata umeme wenyewe, na fimwea iliyoko kwenye RAM ya chipu inapotea. Mahali pake ni `ndo_open` (wlan0 inapowashwa) kwa get na `ndo_stop` (inapozimwa) kwa put, na runtime_resume ipakie fimwea upya. Tumia `pm_runtime_resume_and_get()`. Ile ya zamani, `pm_runtime_get_sync()`, huongeza hesabu hata inaposhindwa, na watu wengi hurudisha kosa bila kuipunguza.

dunga_sensa

Shukrani mkuu. runtime_status ni `unsupported`, kwa hiyo nadhani ni hiyo `cap-power-off-card`. Na hii -110? Draiva ina `.suspend` na `.resume`, lakini zinarudisha 0 tu.

saketi_nax

Ndiyo hapo basi. Ungeziacha bila kuziandika kabisa, mmc core ingeiondoa kadi kabla ya kulala na kuitafuta upya ikiamka, na probe yako ingefanya kazi yote. Zinaporudisha 0 unaiambia core kwamba unajua unachofanya. Inakata umeme, halafu ikiamka inaitambua kadi upya, lakini hairudishi `sdio_enable_func`, saizi ya bloku, wala fimwea. Draiva yako inaongea na chipu iliyosahau kila kitu, inangoja jibu, muda unaisha: -110 ni ETIMEDOUT.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuuacha umeme. Weka `keep-power-in-suspend` kwenye dts, na ndani ya `.suspend` uite `sdio_set_host_pm_flags(func, MMC_PM_KEEP_POWER)`. Bila hiyo mali ya dts utapata -EINVAL. Iite kila mara unapolala, kwani core huifuta bendera hiyo ikiamka. Ya pili ni kukubali umeme ukatwe na kuandika `.resume` inayoanza chipu kutoka mwanzo.

Kwa kazi yako nachagua ya pili bila kusita. Bila WoWLAN (bodi kuamshwa kupitia Wi-Fi), cfg80211 yenyewe hukata muunganisho kabla bodi haijalala, kwa hiyo kuuacha umeme kunakuokolea upakiaji wa fimwea tu. Kujiunga na rauta na kuomba DHCP viko pale pale. Piga hesabu. Tuseme kuanza upya kunachukua sekunde 5 kwa mA 150: hiyo ni mA-sekunde 750, ambayo ukiigawanya kwa sekunde 600 ni wastani wa mA 1.25. Chipu iliyolala ikila zaidi ya hapo, kukata kuna faida hata kama ungelipa hizo sekunde 5 zote. Pima chipu yako, usitumie namba zangu. Ukitaka kutuma kila sekunde 30 hesabu inageuka.

Jambo jingine kwenye `.suspend`: ita `cancel_delayed_work_sync()` kwa kila kazi inayogusa basi. Kazi ya skani ikiamka umeme umeshakatwa utaona -110 ile ile, na utadhani hujatengeneza kitu.

shinyalu_osilo (Kakamega)

Naongezea upande wa waya, maana dts yake haina `mmc-pwrseq-simple` (mpangilio wa kuwasha umeme wa chipu hatua kwa hatua). Nani anashika pini ya reset? Ikining'inia tu, chipu inaweza kuwaka kabla volti haijatulia. Weka pwrseq yenye `reset-gpios` na `post-power-on-delay-ms` kulingana na karatasi ya chipu. Kama chipu inahitaji saa ya 32.768 kHz kutoka nje, iandike hapo hapo kwa jina `ext_clock`, la sivyo yaweza kushindwa kulala au hata kuwaka.

Tena hakikisha regyuleta ya vmmc haina `regulator-always-on`. `/sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary` itakuonyesha nani bado anaishikilia.

Kujaribu, usingoje dakika 10 kila mara. `echo devices > /sys/power/pm_test`, kisha `echo mem > /sys/power/state`: vifaa vinalala sekunde 5 na kuamka, prosesa ikiwa macho. Keneli iwe imejengwa na PM_DEBUG. Ongeza `no_console_suspend` kwenye mstari wa kuwashia ili logi zisikatike.

dunga_sensa

Nimeweka pwrseq na nimeandika `.resume` upya. Kwenye pm_test chipu inaamka mara nyingi, lakini mara moja moja -110 inarudi. Ikiwa imezimwa, pini ya VDD (ya umeme) ya chipu inasoma V 1.1 kwenye mita. Ni kawaida?

shinyalu_osilo

Si kawaida, inatakiwa ishuke karibu na sufuri. Umeme unaingia kwa mlango wa nyuma: rezista zinazovuta waya za basi, CMD na DAT0 hadi DAT3, kwenda V 3.3 bado zina moto, na mkondo unapita kwenye diodi za ulinzi za chipu hadi VDD. Volti hiyo haitoshi kuendesha chipu ila inatosha kuzuia reset kamili, ndiyo maana inafaulu leo na kugoma kesho.

Kama rezista ni za ndani ya prosesa, andika hali ya pinctrl (mpangilio wa pini za prosesa) iitwayo `sleep` inayoziondoa na kuzishusha pini. Lakini kuiandika kwenye dts hakutoshi: fungua draiva ya hosti ya mmc uone kama inaita `pinctrl_pm_select_sleep_state()`. Kama haiiti, hali hiyo haitumiki. Kama ni rezista za kwenye bodi, zihamishe zilishwe na reli ile ile inayozimwa pamoja na chipu, na pini ya reset ibaki chini muda wote wa usingizi. Kisha pima VDD tena kabla hujagusa draiva.