Kijito tumekisafisha, lakini vyura wametoweka. Tulikosea wapi?

Mkazi wa Bondeni:
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Sisi ni wakazi 14 wa Morogoro ambao, kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi, hujitolea kusafisha kijito kinachoteremka kutoka milima ya Uluguru na kupita nyuma ya nyumba zetu. Mwaka jana tulizoa chupa na nguo kuukuu, kisha tukafyeka matete yote ili pawe peupe, na tukapongezwa sana. Masika yalipofika, ukingo wa upande wa shule uliporomoka, maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na usiku hatusikii tena vyura. Sasa tumeahidiwa miche ya mikaratusi bila malipo. Je, tuipande?

Babu Kitalu:
Ipokeeni kwa shukrani, kisha mumpe mwenye shamba la mlimani anayehitaji nguzo, kwa sababu mkaratusi hunywa maji mno na haufai kukaa kando ya kijito. Ukingoni pandeni mkuyu, ambao hushika hata kwa kipandikizi cha tawi kilichochomekwa kwenye udongo wenye unyevu mwanzoni mwa mvua. Matete yaacheni yachipue yenyewe; mizizi yake ndiyo iliyokuwa imeushikilia ule udongo. Zoeni plastiki, panga libaki nyumbani.

Mama Kereng'ende:
Naunga mkono, na ninaongeza la vyura. Chura hutaga mahali maji yalipotulia, penye kivuli na majani ya kujificha, na viluwiluwi havina pa kukimbilia panapokuwa peupe. Geuzeni jiwe moja taratibu mtazame chini yake: mkiona watoto wa kereng'ende wamejibana hapo, kijito bado kina uhai. Kisha lirudisheni jiwe lilivyokuwa, jambo ambalo wengi husahau. Tena msichonge kingo zilizosimama wima, kwani mdiria, yule ndege mvua samaki, huchimba humo tundu la kutagia.

Mjumbe wa Maji:
Yote ni sawa, ila matete hayatafua dafu iwapo bustani za mchicha zinalimwa hadi mdomoni mwa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, lakini mkianza kwa kumsomea sheria mama anayesomesha watoto kwa mchicha huo, mtapata uadui tu. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na jumuiya ya watumia maji, kama ipo, kisha mkubaliane na huyo mama aache kwanza hatua chache bila kulima.

Mkazi wa Bondeni:
Asanteni, wakubwa zangu. Nimerudi ukingoni leo asubuhi na nimeona tundu moja la duara, juu kidogo ya palipoporomoka, lenye kinyesi cheupe mlangoni. Mama Kereng'ende, je, huyo ndiye mdiria?

Mama Kereng'ende:
Huenda ndiye. Kaeni mbali, mtazame kama anaingia na samaki mdomoni.