Tupeane uzoefu: uliyewahi kwenda kwa mwanasaikolojia, ulikuta nini mle ndani?

Mama wa Uyole (mleta mada)
Habari zenu ndugu zangu. Naanza mimi ili wengine wasione aibu.

Mwaka juzi nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki, mimba ya miezi minane. Msiba ulipoanuliwa watu wakarudi makwao, mimi nikabaki usiku nasikia kichanga kinalia. Shamba likanishinda, viazi vikaozea ardhini. Kila aliyekuja aliniambia "utapata mwingine" au "usilie sana, unamkufuru Mungu".

Nesi wa kliniki akanielekeza kwa mwanasaikolojia mjini. Nilijua naenda kupewa maneno kama yale ya mashangazi. Yule mama alinisikiliza karibu saa nzima, kisha akauliza: "Mtoto ulimpa jina gani?" Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilikuwa nimempa jina, nikalitamka kwa mara ya kwanza mbele ya mtu.

Tulionana mara kumi. Kazi kubwa ilikuwa daftari. Kila nikizidiwa niandike nimewaza nini. Kumbe wazo lilikuwa moja linajirudia: "nimemuua mwenyewe, kwa sababu nilibeba debe la viazi". Tukalipima kama kesi. Nani kasema hivyo? Daktari alisema nini? Wakati ule nilijua nini? Alinieleza kuwa njia hii ilianzishwa Marekani miaka ya 1960 na daktari Aaron Beck, aliyeona wagonjwa wake wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyokwisha) wanajihukumu moyoni kwa mambo wanayoyaamini bila kuyahoji. Huzuni ninayo hadi leo. Hatia ndiyo iliyoondoka.

Dereva, Mafinga
Kamwene. Pole sana mama.

Mimi nilipata ajali kwenye mteremko wa Kitonga, nina mzigo wa mbao. Nilipona, utingo wangu hakupona. Nikaacha kuendesha, nikahamia kwenye pombe ya ulanzi. Nikisikia lori linafunga breki, jasho linanitoka.

Wote waliniambia nisahau. Mtaalamu alinitaka nisimulie, mwanzo hadi mwisho, na wiki inayofuata tena. Mara ya pili nilitapika. Halafu tukapanga ngazi: kwanza kukaa kwenye gari limezimwa, kisha kuzunguka yadi, kisha Mafinga hadi Iringa, mwisho Kitonga nikiwa abiria. Alisema ukiukwepa woga unapata nafuu ya siku moja, kesho unarudi umenenepa. Ukikaa nao bila kukimbia, unashuka wenyewe. Kitonga nimeteremka mara mbili sasa nikiwa kwenye usukani. Mikono bado inalowa.

Kijana wa Soweto, Mbeya
Kwani hiyo si ya waliorukwa na akili? Na dawa wanatoa?

Mama wa Uyole
Hapana mdogo wangu. Mimi nilikuwa na akili zangu zote. Mwanasaikolojia anatibu kwa mazungumzo. Dawa anaandika daktari, na wapo wanaohitaji vyote viwili. Ila mtu akianza kuwaza kujiua asisubiri miadi, apelekwe hospitali usiku huohuo, na asiachwe peke yake.

Mwalimu, Tukuyu
Nami niseme upande mwingine. Wa kwanza niliyemwendea alinihubiria, kisha habari zangu nikazikuta kwa wifi yangu. Nilikaa mwaka mzima nimefunga mdomo. Wa pili, kabla sijasema lolote, aliniambia siri yangu itaishia wapi na ni jambo gani angelazimika kulitoa, kama vile hatari ya maisha. Muulizeni hilo siku ya kwanza. Likiwakaa vibaya, tafuteni mwingine.

Nesi, Makete
Huku kwetu wataalamu hawa wako mbali na nauli ni kikwazo. Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alipoteza mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya kumfikia. Mwaka 2006 akaanza kuwafundisha bibi wa mtaani Harare kuketi na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Kulemewa na matatizo wao hukuita *kufungisisa*, sisi tunasema "mawazo mengi". Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Bibi wa kijijini kwangu huota jua nje ya zahanati kila asubuhi, na wanaheshimiwa kuliko mimi. Kuna mtu wa Makete au Ludewa aliyepata huduma kama hii ya benchi karibu na kwao? Aseme ilikuwaje, nataka kulipeleka wazo hili kwa mganga wangu mfawidhi.