Naomba ushauri: neno "behave" nilitafsirije?

Wakuu, naombeni msaada. Natafsiri mwongozo wa malezi kutoka Kiingereza na kuna neno moja linanitoa jasho: "behave". Kamusi yangu inanipa "kuwa na tabia", basi, kana kwamba kazi imeisha.

Mzazi akimwambia mtoto "Behave!", hakutaja tabia nzuri wala mbaya, ila kila mtu anajua anataka nzuri. Hapo naandika "tulia" au "kuwa na adabu", kutegemea mtoto anafanya nini. Shida ni "he behaved badly". Huenda ni kosa la siku moja tu, lakini nikiandika "ana tabia mbaya" nimeshamhukumu mtoto wa watu maisha yake yote! Nimefikiria "alikosa adabu". Je, si nzito mno kwa mtoto wa miaka 3 aliyemwaga uji kwa hasira?

(Neno hilohilo hutumika hata kwa chuma kikipashwa moto. Chuma nacho kina adabu? Bahati nzuri hilo halinihusu.)

Kuna pia "behaviours", kwa wingi. Wanasaikolojia humaanisha vitendo vinavyoonekana, kimoja kimoja: kung'ata, kupiga mayowe, kurusha vitu. "Tabia" haibadiliki katika wingi, na msomaji atadhani nazungumzia hulka. Naelekea kwenye "vitendo". "Mwenendo" naona unawafaa zaidi watu wazima.

Waliowahi kutafsiri mambo ya malezi, nyie mlitumia neno gani?